Kutembea Mwanza kwa fimbo na setilaiti: mwongozo kamili kwa asiyeona

Ukimuuliza mtu wa Mwanza njia, atakujibu kwa kidole. "Si pale tu, ukipita lile jiwe!" Mwenye macho hushukuru akaenda. Sisi tusioona tunabaki tumesimama: kidole hatukukiona, na mawe katika mji huu yako kila mahali. Mimi macho yaliniishia ukubwani kwa presha ya macho, na kwa miaka kadhaa sasa natoka Mabatini kwenda mjini nikiwa na fimbo nyeupe mkononi na simu imening'inia kifuani. Nimekosea sana njiani, mara moja hadi nikaingia mtaroni. Mengi ya haya ninayoandika nimejifunza kwa makosa hayo.

Niseme mapema jambo ambalo wengi hulikosa. Hapa kwetu usitegemee simu ikuongoze kama inavyomwongoza dereva, "pinda kushoto, umefika". Vichochoro vingi vya milimani havimo kwenye ramani, na vile vibao vya anwani za makazi vilivyobandikwa mwaka 2022 ni vya kusomwa kwa macho. Kinachofanya kazi ni kujiwekea alama zako mwenyewe, moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi, halafu simu ikutajie kila alama unapoikaribia. Karibu mwongozo wote huu unahusu namna ya kutunga shanga hizo.

Kwanza, jua setilaiti inaona nini

GPS, mfumo wa Marekani wa kujua mahali ulipo, ina setilaiti zaidi ya 24 zinazozunguka dunia umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu inapokea matangazo ya setilaiti nne au zaidi, inapima kila tangazo limechukua muda gani kufika, na kwa hesabu hiyo inajua ilipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, mahali panakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomiki. Simu nyingi za siku hizi husikiliza pia mifumo kama hiyo ya wengine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Hilo ni heri kwetu, kwa sababu jiwe likiziba upande mmoja wa anga, zinabaki setilaiti za upande wa pili.

Wazo la kumwongoza asiyeona kwa setilaiti ni la zamani kuliko simu janja. Mwaka 1985 Jack Loomis wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alilipendekeza, na mmoja wa wenzake katika kazi hiyo, Reginald Golledge, alikuwa mwanajiografia aliyepoteza uoni akiwa mtu mzima. Vifaa vyao vya mwanzo vilibebwa mgongoni kama shehena. Tena hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kosa likifika hata mita 100. Kwa kosa hilo hujui hata uko mtaa gani.

Leo simu ya kawaida ikiwa chini ya anga wazi hukosea kama mita 5. Dereva haoni tofauti. Kwa mtembea kwa miguu, mita 5 ni tofauti ya kuwa pembeni mwa Barabara ya Nyerere na kuwa ndani ya Barabara ya Nyerere, mtaro ukiwa katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo simu itakuambia duka liko karibu, lakini mlango utautafuta kwa fimbo. Na barabara haivukwi kwa kuiamini simu, hata siku moja.

Mwanza ina hila zake za kuongeza kosa hilo. Miamba mikubwa na maghorofa huziba anga na kuyarudisha mawimbi kama mwangwi, simu ikadhani uko kwingine. Ukipita Makoroboi, kati ya mawe, maduka na watu, usishangae simu ikikuhamisha. Chini ya mapaa ya bati ya masoko mawimbi hufifia kabisa. Kwenye daraja la waenda kwa miguu, liwe la Mabatini au la Furahisha, simu haijui kama uko juu ya daraja au chini yake barabarani. Kosa la kimo huwa kubwa kuliko kosa la ardhini. Kuna na hila ya angani: sisi tuko karibu na ikweta, na baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba, tabaka la juu la anga huchafuka na kuyayumbisha mawimbi kwa saa kadhaa. Usiku wa miezi hiyo mimi huongeza tahadhari na kupunguza imani.

Vifaa

Fimbo nyeupe kwanza. Simu bila fimbo ni hatari kuliko kutembea bila simu, maana simu inakupa ujasiri usiostahili.

Simu yoyote ya Android isiyo nzito inatosha. iPhone nayo ni nzuri ukiipata. Tafuta spika za masikioni zinazokaa kwenye mfupa wa shavu na kuacha masikio wazi. Ukizikosa, vaa upande mmoja tu, ule usioelekea magari. Ukiziba masikio yote mawili hutasikia bajaji inayorudi nyuma. Weka simu kwenye kifuko cha kamba ya shingoni ndani ya shati, maana vibaka wa stendi wanaipenda simu iliyoshikwa mkononi na mtu asiyewaona. Kifuko chenye sumaku usikinunue, nitaeleza sababu. Beba na pawabenki. GPS inakula chaji.

Kuandaa simu

Washa TalkBack, msoma-skrini wa Android anayekutamkia kilichomo kwenye skrini. Kwa simu nyingi unabonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja na kushikilia kwa sekunde tatu. Ukishaiwasha, telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gusa mara mbili kukifungua. Kwenye iPhone msomaji anaitwa VoiceOver. Jipe wiki nzima nyumbani na hatua hii. Mtu anayehangaika na vidole vyake barabarani hana akili ya kusikiliza magari.

Kisha weka sauti ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma "Nyegezi" au "Mkuyuni" utadhani uko nchi nyingine. Huduma ya sauti ya Google ina Kiswahili. Programu ya eSpeak NG nayo inacho, kwa sauti ya kiroboti, lakini ni nyepesi na haihitaji intaneti.

Hapa kuna mtego sijaona mwongozo wowote wa kigeni ukiutaja. Programu nyingi za wasioona hutoa mwelekeo kwa uso wa saa: kitu kilicho kulia kwako kiko kwenye namba 3, kilicho kushoto kwenye namba 9. Sasa sisi tukisema "saa tatu" mshale mfupi uko wapi? Uko kwenye 9! Mzungu akisikia saa tatu anageuka kulia, Mswahili aliyezoea saa yake anageuka kushoto, na wote wawili wako sahihi. Nimemsikia mwalimu na mwanafunzi wake wakibishana hivyo kando ya barabara hadi muuza karanga akacheka. Ingia kwenye mipangilio, uchague mwelekeo wa pande: mbele, kulia, nyuma kushoto. OsmAnd, programu ya ramani nitakayoieleza hapa chini, ina chaguo hilo sehemu ya ufikivu.

Ruhusu programu ya ramani kutumia mahali ulipo hata skrini ikiwa imezimwa, na uiondoe kwenye orodha ya kubana betri. Usipofanya hivyo simu itainyamazisha katikati ya safari, nawe utadhani bado inakuangalia.

Programu gani?

Natumia OsmAnd kwa sababu inafanya kazi bila bando. Pakua ramani ya Tanzania ukiwa penye waifai, basi. Ramani yake inatoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo kichochoro kisichokuwemo unaweza kumwomba kijana mwenye macho akiongeze. Ina mambo matatu tunayoyahitaji: kuhifadhi alama, kuzitangaza kwa sauti unapozikaribia, na kurekodi njia uliyopita ili uifuate tena.

Lazarillo imetengenezwa kwa ajili ya wasioona na hutaja vitu vinavyokuzunguka. Wenye iPhone wana VoiceVista na Soundscape Community, zilizozaliwa na Soundscape ya Microsoft baada ya kampuni hiyo kuifunga na kuachia msimbo wake wazi. Hizi huiweka sauti ya alama upande alama ilipo, ukageuka kuifuata kwa sikio. Google Maps ni nzuri kwa kutafuta majina ya maduka na kumtumia ndugu mahali ulipo. Usizifungue zote kwa wakati mmoja, zitasemeshana.

Jaribio la kwanza, kabla ya njia yoyote

Nenda mahali pa wazi, uwanja au shamba, pasipo magari. Simama dakika moja simu ikamate setilaiti. Chagua kitu kisichohama, mti au nguzo ya goli. Kishike kwa mkono, hesabu polepole hadi 30, hifadhi alama, uiite "Mti". Kisha tembea hatua hamsini, geuka, rudi ukisikiliza simu inavyokutajia umbali. Itakapokuambia umefika, simama palepale, umwombe mtu ahesabu hatua zilizobaki hadi mtini. Rudia ukitokea upande wa pili, rudia kesho yake asubuhi, rudia jioni.

Mimi siku ya kwanza nilipata hatua tatu, kisha tisa, kisha nne. Ile tisa ndiyo muhimu. Ndiyo duara la mashaka yako: kila simu ikisema "umefika", kichwani ongeza "ndani ya hatua tisa". Simu yako itakuwa na namba yake.

Jaribu pia mwelekeo. Ukisimama, setilaiti haijui umeelekea wapi. Simu hutumia dira yake, na dira hudanganywa na chuma, magari, kuta za bati na ile sumaku ya kifuko. Ukianza kutembea, baada ya hatua kama kumi simu inajua mwelekeo kutokana na mwendo wenyewe. Desturi nzuri ni hii: ukichanganyikiwa pande, tembea hatua kumi kwenye njia unayojua ni salama, halafu ndipo usikilize.

Kutunga njia

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chagua njia moja unayoihitaji kila wiki, isizidi kilomita moja. Tafuta mtu anayeona, mvumilivu, asiyependa kukuvuta mkono. Nendeni Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache na machinga hawajatandaza.

Safari ya kwanza msiguse simu. Tembea, gusa, nusa, uliza. "Kulia kwangu kuna nini?" "Mtaro, una mfuniko hadi kwenye nguzo, baada ya hapo hauna." Jifunze njia kwa mwili kwanza. Safari ya pili washa kurekodi njia. Safari ya tatu ndiyo ya alama.

Alama usiiweke juu ya hatari, iweke kabla. Ukitembea kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, simu ikichelewa sekunde mbili tatu na kukosea mita tano, tahadhari ya mtaro itakufikia ukiwa ndani yake. Mita 15 kabla inatosha. Ziweke pia kwenye kila kona, kila kivuko, kila mahali njia inapobadilika chini ya mguu, kutoka lami kuingia vumbi kwa mfano.

Jina la alama liwe amri fupi, neno la maana likitangulia, maana kelele za barabarani zitameza mwisho wa sentensi. Alama zangu za mwanzo wa njia zinasomeka hivi:

"Mtaro kushoto, shika ukuta kulia."
"Kona kulia baada ya nguzo ya pili."
"Simama. Daraja. Ngazi kulia, tafuta chuma."
"Harufu ya mkaa, mama wa chapati, uliza."

Hiyo ya mwisho wengine huicheka. Lakini harufu na sauti hazikosei mita tano. Pale Mwaloni Kirumba dagaa wanakuambia umefika kabla simu haijafungua mdomo. Asubuhi jua likiwa usoni unaelekea mashariki. Saa sita mchana liko utosini na halisaidii. Changanya vyote kwenye jina la alama.

Kila alama ihifadhi mara tatu kwa siku tofauti, ukae kimya sekunde 30 kila mara, ubakize ile iliyokaa katikati ya zile mbili. Na usihifadhi ukiwa umegusa ukuta wa bati au jiwe kubwa. Mimi nilifanya uvivu huo. Nilihifadhi alama ya kona nikiwa nimeegemea banda la bati wakati mvua inanyesha, mara moja tu, nikaondoka. Wiki iliyofuata simu ikaniambia kona iko mbele hatua nne. Nilizipiga hatua tatu. Ya nne ilikuwa mtaro, na maji yake siyaelezi. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo jirani alinivuta kwa shati akisema, "Pole baba, hapa si njia!" Alama ilikuwa imehamia ng'ambo ya mtaro, na simu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

Siku ya kutembea

Mpangilio wa kuamini ni fimbo, masikio, kisha simu. Zikigombana, fimbo inashinda.

Mwombe yule mwenzako akufuate kwa nyuma hatua kumi bila kusema neno, isipokuwa kwa hatari. Fanyeni hivyo mara tano. Ukikaribia kivuko, nyamazisha simu kabisa, sikiliza magari, omba mtu akuvushe bila aibu. Bodaboda hupita upande usiotarajia, na hakuna setilaiti inayomjua bodaboda. Mvua ikinyesha juu ya mabati sauti ya simu na ya magari zote zinapotea. Jibanze barazani hadi ipungue.

Kwenye daladala

Hapa setilaiti inang'aa kuliko mahali pengine popote, maana konda akisema atakushusha, mara nyingi anasahau. Kaa dirishani, simu iwe upande wa kioo. Weka alama ya kituo mita 300 kabla ya kituo chenyewe. Gari likienda kilomita 40 kwa saa linakula mita 11 kila sekunde, kwa hiyo una kama nusu dakika ya kusema "Shusha kituoni!" na kujisogeza mlangoni. Weka na alama moja ya katikati ya safari, ili ujue umepanda gari la Nyegezi na si la Igoma. Ukishuka, usiondoke papo hapo. Simama simu itulie, tafuta kitu cha kugusa, kisha tembea zile hatua kumi.

Ufukweni

Kando ya ziwa anga ni wazi na simu hufanya vizuri sana, na ndiyo sababu ufukwe ni hatari: unaizoea, unaiamini. Mstari wa maji kwenye ramani si mstari wa maji chini. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda sana likameza fukwe na njia za watembea kwa miguu, na kila mwaka maji husogea. Penye gati, ngazi za mawe au mwalo wa wavuvi, weka alama ya "Simama, maji mbele" mita 30 kabla, na kutoka hapo endelea kwa kushikwa kiwiko na mtu. Kwenye kivuko cha Kamanga mimi hufika getini, nikamwita mhudumu. Siendi gatini peke yangu hata nikiwa naijua njia.

Ukipotea

Simama. Rudi nyuma kwa fimbo hadi uguse kitu kisichohama. Bonyeza "niko wapi". Ikijibu kitu kisichoeleweka, subiri dakika moja nzima ukiwa mbali na ukuta, ubonyeze tena.

Bado? Uliza mtu, ila badilisha swali. Ukiuliza "soko liko wapi?" utapewa kidole. Uliza, "Shikamoo mama, mimi sioni. Mbele yangu hapa kuna nini? Na kulia?" Watu hujibu hilo vizuri, na majibu mawili matatu yanatosha kukuonyesha uko kwenye shanga ipi. Akikushika mkono kukuvuta, mwambie kwa upole akupe kiwiko, wewe ndiye umshike. Ukiwa na bando, mtumie ndugu mahali ulipo kwa WhatsApp, au mpigie mtu wa kujitolea kupitia programu ya Be My Eyes akuangalizie kwa kamera.

Kutunza shanga

Hifadhi nakala ya alama zako zote kwenye barua pepe yako kila mwezi. Simu huibiwa, njia ya miezi mitatu isiibiwe nayo. Kila baada ya masika pita njia nzima tena na mwenzako, kwa kuwa mvua huchimba na mafundi hufukua. Alama zinazotegemea watu hubadilika upesi kuliko zote. Mama wangu wa chapati alihamia ng'ambo ya barabara mwezi uliopita, na kwa siku mbili nilikuwa nasimama mbele ya fundi viatu nikiagiza chapati mbili na chai ya rangi. Siku ya tatu fundi aliniagizia.